IRF-1: Protini Iliyofichuliwa na Wanawake wa Majengo

Mkazi wa Kambi Muru, Kibera, jijini Nairobi, anayetumia ARV, yaani dawa za kudhibiti virusi vya UKIMWI, kwa kawaida humeza kila siku kidonge chenye dawa tatu: tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri. Mbili za kwanza huzuia virusi kugeuza RNA yao kuwa DNA. Ya tatu huzuia DNA hiyo kujichomeka kwenye kromosomu za seli. Ikishajichomeka, hakuna hata moja kati ya hizo tatu inayoizuia seli kuinakili. Kwa sababu hiyo utafiti wa Majengo, Pumwani, upande wa pili wa jiji, unaogusa hatua hiyo ya unakili, unastahili kusomwa kwa makini.

Miaka ya 1980, Profesa Elizabeth Ngugi wa Chuo Kikuu cha Nairobi na Frank Plummer wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, walikuwa wakifuatilia afya ya wanawake wa Majengo waliofanya biashara ya ngono. Mwaka 1996 jarida la Lancet lilichapisha matokeo ya kushangaza: wachache wao walikutana na virusi kwa miaka mingi bila kuambukizwa. Mwaka 2007 Blake Ball na wenzake wakaonyesha kwamba tofauti fulani katika jeni ya IRF-1, iliyo kwenye kromosomu ya 5, ziliambatana na ukinzani huo.

Tazama jeni hiyo inavyoamshwa. Interferoni gama, protini inayopeleka habari kutoka seli moja hadi nyingine, hunasa kwenye kipokezi juu ya utando wa seli. Ndani, vimeng'enya viwili, JAK1 na JAK2, huibandika fosfati protini iitwayo STAT1. STAT1 mbili huungana, huingia kwenye kiini na kushika DNA mahali jeni ya IRF-1 inapoanzia. Unakili huanza, na protini ya IRF-1 hutengenezwa. Nayo huingia kwenye kiini kuwasha jeni nyingine za kinga.

Hapo ndipo virusi vinapopata mwanya. Mwanzoni mwa DNA yao pana mahali IRF-1 inapoweza kushika. Kabla protini yao wenyewe, Tat, haijawa ya kutosha kuharakisha unakili, hutumia IRF-1 ya seli. Kinga inapowaka, adui naye hunakiliwa.

Wanawake wale wakinzani walikuwa na IRF-1 kidogo tangu mwanzo. Tena utafiti uliochapishwa 2011 ulionyesha kwamba seli zao zilipochochewa kwa interferoni gama, IRF-1 ilipanda kisha ikashuka upesi. Naliona hili kuwa jambo zito kuliko kiwango chenyewe: kinga iliitika, ila haikuwapa virusi muda.

Kuizima IRF-1 kabisa si dawa. Watu wachache waliozaliwa bila IRF-1 inayofanya kazi hushambuliwa vikali na bakteria wa jamii ya kifua kikuu, na kifua kikuu kingali kinasumbua Nairobi. Atakayetafuta dawa ya kuzuia unakili wa virusi itambidi apunguze protini hii kwa kipimo, na kwa muda, jinsi seli za Majengo zilivyofanya zenyewe.