Riba Ndogo Iliyoiumbua New Era

Mwaka 1993 Albert Meyer, mwalimu wa uhasibu katika chuo cha Kikristo cha Spring Arbor, Michigan, Marekani, alikuta kwenye vitabu vya chuo fedha zilizohamishiwa taasisi asiyoifahamu. Kufuatilia kulimfikisha New Era, taasisi ya John Bennett huko Pennsylvania. Ahadi yake: shirika la dini likiweka fedha kwa miezi 6, wafadhili wasiotaka kutajwa watazirudisha maradufu.

Wakuu wa chuo hawakumsikiliza. Wangemsikilizaje? Mashirika ya kimisheni na vyuo vya Biblia vilikuwa vimeshalipwa, tena kwa wakati. Matajiri kama Laurance Rockefeller na William Simon nao walitoa fedha. Kila mtu alimwamini Bennett kwa kuwa mwenzake alimwamini.

Meyer akaomba Fomu 990, taarifa ya kodi ambayo mashirika ya hisani ya Marekani hujaza na umma una haki ya kuisoma. Hapa ndipo penye kazi yenyewe. New Era ilidai amana zimewekwa kwenye dhamana za serikali. Dhamana huzaa riba, na kwa mamilioni yaliyopokelewa riba ilipaswa kuwa kubwa. Fomu ya 1993 ilionyesha dola zipatazo 34,000 tu. Hesabu ya mtoto wa shule: fedha hazikuwa pale zilipodaiwa kuwa.

Wafadhili wa siri hawakuwapo. Aliyetangulia alilipwa kwa fedha ya aliyefuata, upatu uleule tuliouona Tanzania kwa waliopanda "mbegu", yaani fedha zao, katika mpango wa DECI, uliozimwa mwaka 2009. New Era ilifilisika Mei 1995, na mwaka 1997 Bennett akahukumiwa kifungo cha miaka 12.

Familia inayotaka kuchangia haihitaji shahada ya Meyer. Ombeni hesabu zilizokaguliwa, kisha zilinganisheni na maneno ya shirika. Likisema linasomesha watoto 200, tafuteni karo yao kwenye matumizi. Likisema limejenga zahanati, jengo hilo lionekane kwenye mali zake. Wengi huuliza tu asilimia ngapi inakwenda kwenye utawala. Swali hilo ni dhaifu, kwani asilimia hupambwa kwa urahisi. Ulizeni pia bodi ni akina nani. Bodi ya mchungaji, mkewe na shemejiye haimwajibishi mtu.

Tanzania, Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002 inayataka mashirika hayo kuandaa kila mwaka taarifa ya kazi iliyo wazi kwa umma, pamoja na hesabu zilizokaguliwa. Kuomba taarifa hiyo si utovu wa adabu wala upungufu wa imani. Ofisi ikiwazungusha, au ikiwajibu kwa mistari ya Biblia mahali pa tarakimu, sadaka yenu ipelekeni kwingine.