Asidi Inapoambiwa Isimame

Uambuaji wa ngozi kwa kemikali ni tiba ambayo asidi iliyopimwa hupakwa usoni ili iunguze kwa makusudi tabaka la juu la ngozi, tabaka hilo likauke na kutoka kama maganda, na ngozi mpya iliyo laini zaidi ichipuke chini yake. Si ugunduzi wa jana, kwani mwaka 1882 daktari Paul Gerson Unna wa Hamburg alikwisha kueleza matumizi ya asidi ya salisili, fenoli na asidi ya trikloroasetiki, na ni fenoli pekee, yenye uwezo wa kuvuruga mapigo ya moyo, ambayo leo imeachiwa wataalamu wachache.

Ugumu wa kazi hii kwa ngozi nyeusi hauko katika kuunguza bali katika kukomesha. Mtu mweusi hana seli nyingi za kutengeneza rangi ya melanini kuliko mweupe. Kinachotofautiana ni chembe za rangi zinazotoka humo, ambazo kwake ni kubwa na nyingi zaidi, na kwa kuwa seli hizo zikichokozwa na jeraha hujibu kwa kumwaga rangi, asidi iliyokusudiwa kufuta doa la chunusi inaweza kuacha baka jeusi kuliko doa lenyewe. Ndiyo maana asidi ya salisili ya asilimia 20 hadi 30 hupendelewa: huyeyushwa katika spiriti, na spiriti ikikauka baada ya dakika chache, chembechembe nyeupe kama unga hubaki juu ya uso na asidi haizami tena. Asidi ya glaikoli, ambayo kiasili hupatikana katika muwa, haina breki hiyo; huendelea kupenya mpaka izimwe kwa maji ya baikabonati, ambayo ni jamii ya magadi, kwa hiyo anayeipaka hana budi kutazama saa kwa jicho moja na ngozi kwa jicho la pili.

Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro nchini Uganda, yaliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Wanyarwanda na ambayo sasa yana Wakongo, Warundi, Wasomali na wengineo, kama ilivyo katika masoko mengi ya Afrika Mashariki, kinachojulikana zaidi si tiba hiyo bali mkorogo, yaani mchanganyiko wa krimu za kujichubua ambao mara nyingi huwa na haidrokwinoni, zebaki na steroidi kali. Haidrokwinoni huzuia kimeng'enya kinachotengeneza melanini, zebaki hufanya kazi hiyo hiyo huku ikiharibu figo, na steroidi, ambayo pengine ndiyo yenye hila kuliko zote, huzima uvimbe na muwasho, hata ngozi inayoumia ikakosa namna ya kulalamika na mkono unaopaka kila usiku usipate sababu ya kuacha. Baada ya miezi kadhaa ngozi huwa nyembamba kama karatasi.

Mgonjwa wa namna hiyo akisafiri hadi Mbarara, mji wenye hospitali ya rufaa inayotumiwa kufundishia na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia kilichoanzishwa mwaka 1989, vipimo vya vitabuni haviwezi kutumika kama vilivyo, kwa sababu asidi inayoishia juu katika ngozi nzima huzama mbali katika ngozi iliyokwisha kukondeshwa. Steroidi hupunguzwa kwanza, polepole, kwani ikikatwa ghafla uso hulipuka kwa wekundu na vipele. Kisha asidi hujaribiwa mahali padogo nyuma ya sikio na matokeo kusubiriwa. Kisha huja suala la jua, ambalo kwa mtu anayelima mahindi karibu kabisa na ikweta si dogo, maana ngozi mpya isiyokingwa kwa kofia na mafuta ya kuzuia miale hurudisha mabaka yote.

Yote hayo hutegemea daktari kujua kilichopakwa, na hapo kuna kikwazo, kwa sababu mkorogo huuzwa mara nyingi katika vikopo visivyo na lebo na anayeutumia huona haya kuutaja. Daktari mzoefu huanza kwa kutazama mikono, kwani uso unaweza kung'aa kama wa mtu mwingine, lakini vifundo vya vidole, ambavyo haviitikii krimu kwa urahisi, hubaki vyeusi.