Nimeionja Monument Valley 3, na Sasa Naitaka ya Kolo

Jamani, hii gemu! Sijavuka sura za mwanzo na tayari nimeshindwa kuinyamazia. Ukiifungua unakutana na binti anaitwa Noor, anayejifunza kazi ya kutunza mnara wa taa. Mwanga unafifia, maji yanapanda, na binti inabidi apande mashua akatafute mwanga mwingine. Hadithi ndiyo hiyo. Hakuna saa ya kukukimbiza wala adui wa kumpiga. Kuna majengo, rangi na maji, maji kila upande! Mimi ni mtu wa Dodoma, ambako mvua ya mwaka mzima ni milimita 600 hivi na ikifika Julai mito imebaki mchanga. Nimeyakodolea macho maji hayo hadi nikasahau kwamba kuna fumbo linanisubiri.

Na utamu wenyewe ni huu: picha ndiyo fumbo. Kila kitu humu kimechorwa bila umbali kukipunguza, yaani mnara wa nyuma hauwi mdogo kuliko ngazi iliyo mbele yako. Kwa hiyo ngazi ya chini na paa la mbali huweza kukutana kwenye skrini ingawa kwa hesabu ya kawaida haviwezi kugusana. Gemu inakuambia: jicho lako likiona vimegusana, basi vimegusana, pita. Unazungusha mpini, jengo zima linageuka taratibu, njia mbili zilizokatika zinaungana, na binti anavuka kama vile daraja lilikuwapo siku zote. Mara ya kwanza nilipiga kelele nyumba nzima ikageuka kunitazama.

Asili ya mchezo huu wa macho ni ya zamani. Mwaka 1958 Lionel Penrose na mwanawe Roger walichapisha pembetatu isiyoweza kujengwa, na mwaka 1961 mchoraji Escher akachora maporomoko ambayo maji yake yanashuka, yanashuka, kisha yanarudi yalikoanzia. Studio ya ustwo games ya London ikautia mikononi mwetu mwaka 2014, kwenye Monument Valley ya kwanza. Sasa chukua mafumbo yaleyale uyachore kwa umbali wa kweli, mnara wa mbali uwe mdogo inavyopaswa. Hakuna kitakachobaki cha kutatua. Anayesema michoro ni mapambo ya kupakwa juu ya gemu iliyokwisha kukamilika, akae na hii saa moja tu.

Najua lawama. Ile ya kwanza walisema ni rahisi mno na fupi mno, sura 10 tu unazimaliza mchana mmoja. Lakini mwaka 2015 ilibeba tuzo mbili za BAFTA, na mimi nasimama na waliozitoa. Mafumbo magumu yapo tele, hata gazetini. Mahali ambapo hutaki kuondoka ni pachache. Tazama LIMBO ya Playdead ya Denmark, ya mwaka 2010: nyeusi, nyeupe na kijivu, na kitoto chenye macho mawili meupe gizani. Mafumbo yake mengi ni masanduku na kamba. Yaweke masanduku hayo kwenye jua la saa sita uone kama kuna atakayeshika pumzi.

Halafu sauti! Kwenye ile ya kwanza, unapozungusha sehemu ya jengo inakujibu kwa noti za muziki. Nilipoisikia nikawaza ilimba, ala ya muziki ya Wagogo, ile aliyoifikisha Hukwe Zawose hadi majukwaa ya Ulaya. Hebu fikiria kila jiwe unalolisogeza linalia kwa ilimba.

Na msiniambie haya ni ya Wazungu. Mwaka 2018 Ben Myres na Cukia Kimani wa studio ya Nyamakop, Johannesburg, walitoa Semblance, gemu ya mafumbo ambayo ardhi yake ni laini: unaibonyeza kwa mwili wako hadi iwe ngazi au ngao. Hapo tena, ule ulaini unaouona ndio ufunguo. Ilikuwa kazi ya kwanza asilia ya Waafrika kutolewa kwenye mashine ya Nintendo.

Sisi huku tuna nini? Tuna Kolo! Michoro ya miamba ya Kondoa, urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2006. Kuna ukuta pale wenye watu warefu, wembamba kupita kiasi, wa rangi ya udongo mwekundu, vichwa vyao vya ajabu. Mmoja wa katikati ameshikwa mikono kutoka pande zote mbili. Wapo wanaosema anatekwa, wapo wanaosema ni ngoma ya uganga. Rangi tunayo, mwanga tunao, fumbo lenyewe limeshachorwa na halijapata jibu la mwisho.

Ninyi vijana wa kompyuta pale Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), nawaomba: kabla hamjaandika mstari wa kwanza wa programu ya gemu yetu, nendeni Kolo mkatazame. Ofisi ya Mambo ya Kale iko palepale, na barabara ya Dodoma hadi Babati inayopita hapo ni lami.