Mkono Uliomo Ndani ya Amplifaya

Waulize watu watatu wenye amplifaya ya aina moja, iliyotoka kiwanda kimoja mwaka mmoja, wakupe maoni yao. Wa kwanza atasema sauti yake ni tamu, ina joto, na mwimbaji anasikika vizuri hata kwa sauti ya chini. Wa pili atasema ni kavu, inakwaruza masikio, heri angenunua sabufa mpya. Wa tatu atalalamika kwamba upande wa kushoto hupotea na kurudi upendavyo. Wote watatu wanasema kweli. Desturi yetu ni kuyapokea maneno kama hayo kuwa ushahidi juu ya kampuni: Sansui ni nzuri, Kenwood si kitu, za Uingereza zinazizidi za Japani. Ninavyoona mimi, kifaa kikishapita miaka thelathini au arobaini, maoni ya mwenyewe hueleza zaidi mikono iliyokifungua kuliko kiwanda kilichokiunda. Anayeisifu amplifaya ya mtumba ambayo bado inaimba, ajue asijue, anamsifu fundi.

Mwiki ya Ruiru, nchini Kenya, jirani na Githurai 45 (iko nyingine upande wa Kasarani, ndani ya Nairobi), inafaa sana kuupima usemi huo. Ni mji wa ploti za kupanga na ghorofa zilizobanana, ambako ukuta wako ndio ukuta wa jirani. Amplifaya ya mtumba hufika huku kwa njia ile ile ya nguo na friji: ilitumika ughaibuni, mwenyewe akaichoka, ikapakiwa kontena, ikashuka Mombasa, ikapanda hadi kwenye maduka na vibanda vya kandokando ya barabara ya Thika. Kazi ya fundi huanza hapo, kabla mnunuzi hajasikia wimbo hata mmoja. Stima ya Kenya ni volti 240. Amplifaya iliyouzwa Uingereza ina plagi ya miguu mitatu kama zetu, na itawaka bila matata. Iliyouzwa Japani iliundiwa volti 100. Ya Marekani volti 120, tena kwa mizunguko 60 kwa sekunde ilhali yetu ni 50. Ukikata plagi ukafunga nyingine, ukachomeka, umeipa transfoma ya Kijapani zaidi ya mara mbili ya volti zake. Ukiwa na bahati fyuzi itakatika; usipokuwa nayo utaanza kunusa vanishi inayoungua. Fundi anayejua kazi husoma kwanza kibati cha nyuma, akaangalia kama kuna kiswichi cha kuchagulia volti. Kama hakuna, hufungua aone ikiwa transfoma iliundiwa masoko mengi na nyaya zake zaweza kuunganishwa upya, la sivyo humwambia mwenye mali anunue transfoma ya kushushia. Mitambo ya maji kwenye mto Ruiru ilikuwa miongoni mwa vyanzo vya mwanzo vya stima ya Nairobi, mapema katika karne iliyopita. Ni haki kabisa kwamba eneo hili leo lina watu wanaoziheshimu volti.

Chukua NAD 3020, iliyotoka mwaka 1978, mojawapo ya amplifaya za bei nafuu zilizozungumziwa sana duniani. Kwenye karatasi ni ya wati 20 kwa kila upande, kiasi ambacho muuzaji wa leo angeona haya kukitaja. Muundaji wake, Erik Edvardsen, aliipa uwezo wa kutoa mkondo mkubwa kwa muda mfupi muziki unapopanda ghafla, ikazibeba spika ngumu zilizozishinda amplifaya za wati nyingi zaidi. Sasa itazame nyuma. Kuna matundu manne yaliyounganishwa mawili mawili kwa vipande vya chuma vilivyopindwa mfano wa herufi U. Hivyo ndivyo vinavyopitisha sauti kutoka sehemu inayoitayarisha hadi sehemu inayoisukuma kwenye spika. Kikipotea kimoja, upande mmoja unakuwa bubu. Vikipotea vyote, taa inawaka na hakisikiki chochote. Mwenyewe atakuambia kwa moyo safi kwamba imekufa, na ataitoa kwa bei ya kutupa. Fundi atakata waya mfupi, aurudishie kila upande kiungo chake, na ile iliyozikwa itaimba. Maoni ya mwenyewe yalikuwa ya dhati. Ila hayakuhusu amplifaya hata kidogo.

Hilo ni jambo jepesi. Ufundi wenyewe uko mahali ambapo macho hayafiki. Katika amplifaya nyingi za aina hii, transista mbili hugawana kazi: moja husukuma nusu ya juu ya wimbi la sauti, ya pili huvuta nusu ya chini. Zikipokezana bila kuingiliana hata kidogo, hutokea pengo kila wimbi linapopita sifuri. Sauti ikiwa kubwa, pengo hilo humezwa. Usiku, jirani amelala na kifundo kimeshushwa, ndipo linapojitokeza: "Sina Makosa" ya Les Wanyika, ambayo uzuri wake wote uko katika jinsi gitaa la besi na yale mengine yanavyojibizana, inatoka kama nyuzi zimeshika kutu. Dawa ni kuziacha transista zote mbili zipitishe mkondo mdogo hata kukiwa kimya. Mkondo huo ukizidi, transista hupata joto, joto likaongeza mkondo, mkondo ukaongeza joto, hadi kitu kipasuke. Kati ya kukwaruza na kuungua kuna nafasi nyembamba ambayo mwongozo wa kiwanda huitaja kwa milivolti. Fundi huweka ncha za multimita kwenye rezista ndogo iliyo kando ya transista, tuseme ya omu 0.22; akisoma milivolti 11, anajua kwa kanuni ya Ohm kwamba zinapita miliampea 50. Kwa bisibisi nyembamba huzungusha rezista ya kurekebishia, kiasi ambacho jicho halikioni, kisha hungoja. Fundi wa pupa huiharibu kazi hapo hapo. Chuma cha kupoozea lazima kwanza kipate joto lake la kawaida, maana kipimo cha kwenye baridi huhama. Joto likitulia anapima tena, anarekebisha tena, ndipo anahamia upande wa pili. Rezista hiyo ya kurekebishia huchakaa ndani kwa miaka, na mpangilio wa kiwandani ukayumba bila mtu kugusa chochote. Kwa hiyo yule wa "tamu" na yule wa "kavu" wanaweza kuwa wametenganishwa na miliampea chache tu, pamoja na mtu aliyekuwa na subira ya kuzipima.

Hali ni hiyo hiyo kwa kapasita kubwa za stima, ambazo zina majimaji ndani na hukauka. Wahandisi hukadiria kwamba joto likipanda nyuzi 10, umri wa kapasita hupungua nusu. Vile vitambaa vya kufuma tunavyopenda kufunikia redio na televisheni sebuleni huziba matundu ya kutolea joto, na amplifaya iliyokaa chini ya kitambaa miaka mingi huzeeka kabla ya pacha wake aliyeachwa wazi. Kapasita zikichoka, huja mngurumo wa chini usiokoma. Na yule wa tatu, anayelia kwamba upande wa kushoto hupotea? Mara nyingi sana ni rilei inayolinda spika, ile unayoisikia ikigonga "ta!" sekunde chache baada ya kuwasha. Ncha zake zimeshika ukungu. Ukiongeza sauti mkondo hupenya, ukiishusha hukatika. Dawa yake ni kuzisafisha kwa muda mfupi, au rilei mpya.

Ukitaka kumjua fundi makini, mtazame anapoiwasha amplifaya mara ya kwanza baada ya kubadilisha transista. Haichomeki moja kwa moja ukutani. Huipitisha kwenye balbu ya zamani ya wati 100 iliyofungwa kwa mfululizo kwenye waya wa stima. Balbu ikimulika kwa nguvu kisha ikafifia, kapasita zimejaa na mambo ni salama. Ikiendelea kung'aa, kuna shoti mahali fulani, na anazima kabla sehemu za bei hazijaungua. Halafu anapima kwenye vituo vya spika, spika zenyewe zikiwa bado pembeni. Milivolti chache hazina neno. Volti kadhaa za mkondo mnyoofu zina maana kwamba spika yoyote itakayofungwa hapo itaungua koili. Mwenye mali haoni lolote kati ya hayo. Yeye huona amplifaya imerudi, anachomeka, anasema "iko sawa."

Mhandisi atanipinga, na ana haki. Atasema fundi hawezi kutia ndani ya kifaa kile ambacho muundaji hakukitia. Kwamba bila Harold Black kubuni mrejesho hasi mwaka 1927, au Peter Baxandall kuchapisha mwaka 1952 saketi yake ya kurekebishia besi na sauti nyembamba, fundi hangekuwa na cha kutengeneza. Nakubali, tena kwa heshima. Lakini ushahidi ulionishawishi uko ndani ya kifaa kimoja. Stereo ni amplifaya mbili katika kasha moja: mchoro mmoja, kiwanda kimoja, siku moja, stima moja, mwenyewe mmoja. Hata hivyo, baada ya miaka arobaini, ni jambo la kawaida kukuta upande wa kulia uko sawa na wa kushoto umepotoka. Kama jina la kampuni lingekuwa ndilo linaloamua, pande hizo zisingetofautiana kamwe. Usione vyaelea, vimeundwa. Na chombo kilichokaa baharini miaka hiyo yote kimeundwa upya mara kadhaa, vipande kwa vipande.

Wengine watasema haya yote ni masikio ya mtu. Kwa kiasi fulani ndivyo: kati ya amplifaya mbili, ile inayopiga juu kidogo tu huonekana bora, na wauzaji wanalijua hilo. Lakini mngurumo hauna ladha, wala upande uliokufa si suala la mapenzi. Tukishayaondoa yale yanayopimika, mabishano yanayobaki juu ya kampuni hupungua sana.

Pingamizi linalouma ni lile la mnunuzi aliyeumizwa: kwamba mafundi hao hao ndio wanaoziua. Wako wanaofunga waya mtupu mahali pa fyuzi, wanaochomoa transista nzima na kurudisha bandia, wanaokata nyaya za kinga ili taa iwake mnunuzi aondoke. Ni kweli, na halihitaji kufunikwa. Transista za Toshiba 2SC5200 na 2SA1943 zimeghushiwa mno ulimwenguni kote. Ukiivunja iliyo bandia mara nyingi utakuta kipande cha silikoni ndani ni kidogo kuliko inavyopaswa, na hicho ndicho kinachobeba mkondo. Lakini shutuma hiyo inauimarisha usemi wangu. Ikiwa mkono mbaya unatosha kuigeuza amplifaya njema kuwa takataka, basi nayo iliyo njema leo ina mkono mwema wa kuushukuru. Ndiyo maana lile rundo la bodi zilizokufa, ambalo wapita njia huliona uchafu kibandani, ni mali: sehemu zilizotoka kwenye televisheni na redio za zamani aghalabu ni halisi kuliko mpya za kwenye pakiti inayometa. Shirika la Kazi Duniani lilisema mwaka 1972, katika ripoti yake kuhusu ajira nchini Kenya, kwamba shughuli hizi zisizosajiliwa zina tija na zinastahili kuungwa mkono. Zaidi ya nusu karne baadaye bado tunamlipa fundi kwa kulalamika, na tunakataa kulipia saa moja aliyoitumia kupima, eti hakubadilisha kitu.

Lipo pia swali la sabufa mpya, yenye bluetooth na rimoti, iliyoandikwa maelfu ya wati kwenye boksi. Isome nyuma: aghalabu kibati kinasema inakula wati chache tu kutoka ukutani. Hakuna kifaa kinachotoa mfululizo nguvu nyingi kuliko ile kinayoingiza. Ili sikio lione sauti imekuwa mara mbili, nguvu inahitaji kuongezwa takriban mara kumi, kwa hiyo wati 20 za kweli katika chumba cha Mwiki zinatosha na kusaza. Na sabufa hiyo ikifa, mara nyingi sehemu zake zote ziko kwenye bodi ndogo isiyotengenezeka. Ya mwaka 1978 ina skrubu.

Kinachokosekana ni kumbukumbu. Kwa muda mrefu mafundi wa saa wamekuwa wakikwaruza alama ndogo ndani ya kifuniko cha nyuma kila wanapoihudumia saa, na anayeifungua baadaye anajua nani alipita. Fundi wa amplifaya angeweza kufanya hivyo kwa kalamu ya wino usiofutika, ndani ya kifuniko: tarehe, kapasita zipi zimewekwa mpya na za volti ngapi, transista zimetoka wapi, milivolti alizoacha kulia na kushoto, na jina lake. Mnunuzi angeomba kifuniko kifunguliwe kabla ya kutoa pesa, na amplifaya yenye maandishi manne ingeuzwa ghali kuliko isiyo na hata moja, hata kama zote mbili ni za kampuni moja, na hata kama ile isiyo na maandishi ndiyo inayong'aa zaidi kwa nje.