Kushuka Mlima kwa Gia: Namna Injini Ilivyofundishwa Kuacha Petroli

Miongoni mwa itikadi walizorithi madereva wetu kutoka kwa wazee waliowafundisha usukani, hakuna iliyokita mizizi kama ile isemayo kwamba mwenye kushuka mlima na aweke gari frii, injini ipumzike na petroli ibaki kwenye tangi. Itikadi hii haikuzuka bila ya asili. Katika zama za kabureta, mathalan katika zile Peugeot 504 zilizotamalaki barabara zetu, petroli haikungoja amri: ilinyonywa na upepo uliopita katika koo la kabureta, na hata dereva alipoondoa mguu, mvuto wa pistoni uliendelea kuivuta kupitia kitundu cha sailensa, yaani cha mzunguko wa injini isiyokanyagiwa mafuta. Aliyeweka frii aliokoa kitu, japo kidogo, walakini aliziponza breki zake.

Hesabu hiyo imepinduka. Mwaka 1967 Bosch walipotoa mfumo wao wa kupulizia petroli, D-Jetronic, ukafungwa katika Volkswagen 1600, kazi ya kupima petroli iliondolewa kwa upepo ikakabidhiwa umeme. Na maadamu nozeli inayopulizia petroli haifunguki ila kwa amri, wahandisi waliweza kuiamuru isifunguke kabisa. Ndivyo ilivyo katika magari mengi ya leo: dereva aondoapo mguu ilhali gari limo ndani ya gia, kontrol boksi hupokea habari mbili, ya kwanza kwamba mlango wa hewa umefungwa, ya pili kwamba injini ingali yazunguka kwa kasi ipitayo sailensa, ikatambua kuwa magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, na papo hapo ikazifunga nozeli zote. Mizunguko ikishuka karibu na sailensa, petroli hurudishwa ili injini isizimike. Mwenye frii, kwa upande wake, ameitenganisha injini na magurudumu, kwa hiyo sharti ilishwe petroli ipate kuzunguka; na injini ndogo iliyo sailensa hunywa takriban nusu lita hadi lita moja kwa saa. Mwenye gari lenye kuonyesha matumizi ya papo kwa papo na atazame mwenyewe kwenye dashibodi: ndani ya gia tarakimu itasoma sifuri, nje ya gia itapanda.

Lakini petroli ni jambo dogo mbele ya breki, na hapa ndipo roho yangu inapohangaika nionapo gari lililosheheni abiria likiporomoka mteremko wa Kitonga, mkono mmoja jabali na mkono wa pili korongo, taa zake za breki zikiwaka mfululizo. Gari la kilo 1,500, kwa kila mita 100 linazoshuka kutoka juu, hutoa nishati iwezayo kuchemsha zaidi ya lita nne za maji ya kawaida, na dereva aliyeweka frii huzitwika pedi na diski karibu nishati hiyo yote. Joto likizidi huingia katika mafuta ya breki. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishavuta unyevu wa hewa kiwango huweza kuteremka hadi 140. Yakichemka hufanya mapovu, na kwa kuwa povu hubanwa ilhali mafuta hayabanwi, pedeli huzama hadi sakafuni na gari lisipunguze mwendo. Aidha, wapo wanaozima injini kabisa, wakaupoteza msaada wa breki na wepesi wa usukani kwa mkupuo mmoja.

Malori ya dizeli yana taabu yake, kwani injini zake aghalabu hazina mlango wa hewa wa kuzibana zikasaidia kuzuia mwendo, na kwa sababu hiyo mengi yaliwekewa kizuizi katika bomba la moshi.

Ama kwa magari ya otomatiki, ambayo ndiyo mengi mjini siku hizi, wengi hudhani herufi D yatosha kwa kila njia. Haitoshi. Kabla ya mteremko kuanza, dereva apunguze mwendo kwa breki, ahamishe mkono wa gia hadi 2 au L, kisha aondoe mguu; na mshale wa mizunguko ukipanda hadi 3,000 asishtuke akarudisha D, kwani nozeli zimefungwa wakati huo, na mngurumo anaousikia ni wa hewa na chuma tu.