Mpanda Joka Asiye na Lugha: Uhakiki wa Sinema ya Eragon

Makala haya yanakusudia kuihakiki sinema ya Eragon, iliyotolewa mwezi Desemba 2006 chini ya uongozi wa Stefen Fangmeier, kwa kuilinganisha na riwaya ya Christopher Paolini iliyoizaa. Huenda msomaji wa jarida la lugha za Kiafrika akauliza, na kwa haki, habari za kijana wa Marekani aliyeandika juu ya majoka ya Kizungu zatuhusu nini sisi tulio Machakos. Jibu letu ni kwamba riwaya hiyo, chini ya mapanga na moto wake, ni riwaya juu ya lugha. Sinema iliitupa lugha ikabakiza mapanga na moto. Na swali la jinsi ya kumsimulia joka huyu kwa Kiswahili ni swali letu hasa, kwa kuwa vijana wetu wanazitazama sinema za aina hii kila siku, na wengi wao wamekwisha kuamini kwamba joka husema Kiingereza tu.

Paolini alizaliwa mwaka 1983, na alianza kuiandika hadithi yake akiwa na umri wa miaka 15. Jamaa zake waliichapisha wenyewe mwaka 2002, kisha kampuni ya Knopf ikaitoa upya mwaka 2003. Kisa chenyewe ni chepesi kueleza: Eragon, mvulana wa shambani anayelelewa na mjomba wake, anaokota jiwe la buluu porini; jiwe ni yai; yai linaanguliwa na kutoa joka; na joka huyo, Saphira, anamfanya kijana kuwa mrithi wa wapanda joka wa zamani waliokwisha kuangamizwa na mfalme Galbatorix. Mzee Brom, msimulizi wa hadithi kijijini, anakuwa mwalimu wake. Sinema ilipigwa Hungaria na Slovakia kwa gharama ya dola milioni 100 hivi, na ina wachezaji wa sifa: Jeremy Irons ni Brom, John Malkovich ni mfalme, Djimon Hounsou, mzaliwa wa Benin, ni Ajihad kiongozi wa waasi, na sauti ya Saphira ni ya Rachel Weisz. Kwa upande wa macho hatuna neno. Fangmeier ni fundi wa picha za kutengeneza, na joka wake amefanyizwa kwa ustadi. Matatizo yanaanza pale joka anapofunua kinywa.

Katika riwaya, uchawi wote umejengwa juu ya lugha ya kale ambayo ndani yake kila kitu kina jina lake la kweli. Anayelijua jina huweza kukiamuru kitu. Lakini lugha hiyo ina masharti mawili mazito: asemaye hawezi kusema uongo, na kila tendo linalofanywa kwa neno humgharimu msemaji nguvu zile zile ambazo lingemgharimu kama angelifanya kwa mikono. Kwa hiyo Eragon hana budi kujifunza, tena polepole. Hata kusoma hajui. Brom humfundisha herufi wakiwa njiani, katika mji wa Teirm, na mwandishi halionei aibu jambo hilo. Shujaa ni mwanafunzi wa lugha.

Mfano ulio bora kuliko yote unatokea karibu na mwisho wa kitabu. Mwanamke anamletea Eragon mtoto mchanga aliye yatima, akimwomba ambariki. Kijana, kwa moyo mwema na kwa sarufi mbovu, anatamka baraka kwa lugha ya kale. Katika kitabu cha pili, Eldest, cha mwaka 2005, anakuja kutambua alichokifanya: alikusudia kumwombea mtoto akingwe na maafa, lakini kwa kukosea umbo la neno moja alimwamuru awe ngao ya wengine. Tangu siku hiyo mtoto Elva huyahisi maumivu ya watu wote walio karibu naye, na hana uwezo wa kukataa kuwakinga.

Hatujui riwaya nyingine ya vijana iliyotundika uhai wa mhusika juu ya kosa la mnyambuliko wa kitenzi. Na tazama jinsi kosa hili linavyotua katika Kiswahili kana kwamba lilitungwa kwa ajili yake. Sema kwa mtoto «ukingwe», nawe umembariki. Sema «ukinge», nawe umemtwika mzigo. Tofauti ni kiambishi kimoja, -w- ya kauli ya kutendwa, sauti ambayo mwanafunzi mvivu huimeza asijue kwamba amemeza maana yote ya sentensi. Mwenye Kikamba naye hatahitaji maelezo marefu, kwa kuwa -w- hiyo hiyo anayo katika lugha ya mama yake. Mfasiri wa Kiswahili angeweza kulionyesha kosa la Eragon mbele ya macho ya msomaji, hali msomaji wa Kiingereza anaambiwa tu kwamba limetendeka, kwa sababu lugha ya kale imebuniwa na yeye haijui.

Katika sinema mtoto huyo hayupo. Hayupo yeye, wala Teirm, wala masomo ya kusoma. Maneno ya kale yamebaki machache, nayo hutumika kama ufunguo wa mlango: kijana hutamka, moto ukawaka. Brom anatoa maelezo ya harakaharaka juu ya hatari ya uchawi, na baada ya hapo maelezo hayo hayana kazi. Watetezi wa sinema watasema kwamba dakika 104 haziwezi kubeba kitabu chenye kurasa mia tano. Hoja hiyo twaikubali kwa nusu. Kufupisha ni haki ya kila anayehamisha kazi kutoka utanzu mmoja kwenda mwingine, na Shakespeare hufupishwa kila mwaka asife. Lakini aliyefupisha hapa alikata mshipa akaacha nyama. Chukua kukua kwa Saphira. Katika riwaya anakua kwa miezi, akilishwa kwa siri, na maneno yake huja kidogo kidogo kama ya mtoto yeyote, mpaka siku anapoanza kusema kwa akili inayomzidi mlezi wake. Katika sinema anaruka angani akiwa mchanga, mwanga unamzunguka, anashuka akiwa mkubwa na mwenye sauti ya mwanamke mtu mzima. Mtazamaji amenyang'anywa kule kuzaliwa kwa lugha ambako riwaya imekutunza.

Hapa twaingia katika jambo linalotuhusu zaidi kama watu wa isimu, nalo ni ngeli. Niliwapa wanafunzi wangu zoezi la kufasiri ukurasa mmoja wa riwaya, ule ambao Saphira anaanza kusema. Daftari ziliporudi zilikuwa na makundi matatu. Wako walioandika «joka lilisema», kwa kufuata ngeli ya LI-YA, kama tusemavyo jumba na jitu. Wako walioandika «joka alisema», kwa kuwa asemaye ana uhai. Na wako, si wachache, walioandika «joka ilisema», yaani upatanisho wa barabarani unaotawala mji huu na miji mingine ya bara, ambao hausumbuki na ngeli yoyote. Kundi la tatu tuliweke kando, ingawa litarudi. Ugomvi wa makundi mawili ya kwanza ni wa maana.

Joka latokana na nyoka kwa njia ile ile jumba litokavyo kwa nyumba. Kiambishi cha ukubwa humwondolea mnyama heshima ya uhai, kikampa ukubwa wa kutisha au wa kudharaulika. Ndiyo sababu twaweza kusema «jitu lile lilikuja» tukionyesha chuki, na «jitu yule alikuja» tukimrudishia utu wake. Mfasiri mwenye sikio angetumia mlango huu. Mwanzoni, kitu kilichotoka yaini ni kijoka, nacho kilianguliwa, kilitambaa, kililishwa nyama. Kinapomgusa Eragon na kuacha alama kiganjani, upatanisho ungeanza kuyumba. Anaposema neno la kwanza ni joka alisema, na tangu hapo Eragon hamwiti vinginevyo. Lakini askari wa mfalme, mpaka ukurasa wa mwisho, wanalisaka joka lile. Msomaji angejua ni nani rafiki na ni nani adui kwa kuisikiliza silabi moja tu. Kiingereza kina njia yake ya kufanya hivyo kwa viwakilishi vyake, lakini njia hiyo ina kasoro: humlazimisha msimulizi achague kati ya mume na mke. Katika riwaya Eragon anamtajia joka majina mengi ya kiume, yote yanakataliwa, mpaka anapozinduka kwamba joka ni wa kike, ndipo Saphira anapopata jina lake. Kiswahili kingeitunza siri hiyo bila taabu yoyote, maana a- yetu haijui mume wala mke. Sinema haikulipa nafasi tukio hilo la kutafuta jina.

Lipo pingamizi tunalopaswa kulijibu. Baadhi ya wanafunzi walikataa neno joka kabisa, wakaandika «dragoni», kwa hoja kwamba joka ni nyoka mkubwa tu, tena ni mwovu. Kuhusu ukubwa wana haki. Kamusi hueleza joka hivyo, na kijana aliyelelewa kwa Kikamba husikia ndani ya neno hilo nzoka, nyoka wa kawaida anayeuawa kwa fimbo uani. Kuhusu uovu pia wana haki: katika Tafsiri ya Muungano ya mwaka 1952, joka wa kitabu cha Ufunuo ndiye Shetani mwenyewe. (Tugundue kwa kupita kwamba wafasiri wale walimpa joka upatanisho wa A-WA, walitambua kwamba adui mwenye nia ni nafsi.) Lakini hoja yao yaponza pale wanapodhani kwamba ubaya wa neno ni sababu ya kuliacha. Katika hadithi ya Sultani Darai, iliyoandikwa na Edward Steere huko Unguja na kuchapwa katika Swahili Tales mwaka 1870, maskini mmoja anayechakura punje jaani anamnunua paa asemaye. Paa huyo anamtafutia bwana wake mke, binti wa sultani, na kumpatia nyumba kwa kumwua nyoka mwenye vichwa saba aliyeimiliki. Basi, mnyama rafiki asemaye yumo katika fasihi yetu, na joka mwenye mali yumo; jambo jipya la Paolini ni kwamba amewaunganisha wawili hao katika mwili mmoja. Saphira ni paa ndani ya ngozi ya joka. Tukimwita dragoni tumeufuta mshangao huo wote, na kumfanya mnyama wa kigeni asiye na historia kwetu.

Hadithi ya Unguja, tena, ina ukali ambao sinema haina. Paa anapougua, bwana wake aliyetajirika anamdharau, anaagiza apewe uji wa mtama, na anapokufa anatupwa kisimani. Kisha bwana anazinduka usiku mmoja akajikuta jaani, anachakura. Kifungo kati ya mtu na mnyama wake kina bei, na bei hulipwa. Sinema inatuambia kwa maneno kwamba maisha ya joka yamefungwa na ya mpandaji wake, lakini Eragon hafikii hata mara moja mahali pa kuchagua kati ya faida yake na rafiki yake.

Neno mpanda nalo lina mzigo. «Mpanda joka» limeundwa sawasawa kwa mfano wa mpanda farasi, na hatuna ubishi nalo. Ila katika pwani yetu pepo ndiye ampandaye mtu, na mtu aliyepandwa huitwa kiti. Ukambani pia, ngoma ya kilumi huchezwa kwa ajili ya pepo. Wasikilizaji wa namna hii wakiambiwa kwamba kijana na joka husemezana kimoyomoyo pasipo kufungua midomo, watauliza mara moja ni nani aliyempanda mwenzake. Swali hilo lina kina kuliko lolote lililoulizwa na mwandishi wa mswada wa sinema.

Tumesema kundi la «joka ilisema» litarudi. Tangu mabanda ya video yaenee katika miji yetu, wametokea wasimulizi wanaoweka sauti zao juu ya sinema za kigeni: Tanzania ilikuwa na Lufufu, Kenya ina DJ Afro. Wasomi wa vyuo huwapuuza kwa ajili ya upatanisho wao na mchanganyiko wao wa Sheng. Kwa maoni yetu hilo ni kosa la kitaaluma. Sinema ya Eragon hufunguliwa na sauti ya Brom akisimulia, kisha sauti hiyo inaachwa na picha zinapewa kazi zote. Msimulizi wa banda huirudisha. Yeye humtambulisha mhusika, humpa lakabu, humkosoa shujaa anapozubaa, huwaonya watazamaji juu ya msaliti kabla hajatenda. Hizo ndizo kazi za fanani wa jadi. John Mbiti alipokusanya ngano za Ukambani katika Akamba Stories (1966), alizikusanya kutoka kwa watu waliosimulia mbele ya wasikilizaji wanaojibu.

Kaunti ya Machakos, wakati wa gavana Alfred Mutua aliyechaguliwa mwaka 2013, ilitangaza mpango wa kuwa mji wa sinema, ukaitwa Machawood. Mipango ya namna hiyo huhesabu kamera na majumba. Idara za lugha zingepaswa kuuliza ni nani atakayeandika maneno. Kijana wa bandani anayesema «joka ilisema» ameshika nusu ya kazi ambayo sinema ya dola milioni 100 iliiangusha. Nusu nyingine ni kumwonyesha tofauti ya «ukinge» na «ukingwe», na hiyo hufundishika kwa kipindi kimoja, ubaoni, kwa chaki.