Kushuka River Road kwa Miguu

Riwaya ya Going Down River Road ya Meja Mwangi ilitoka mwaka 1976, na mpaka leo ukiitaja utasikia maneno yale yale: ulevi, uchafu, ufukara wa mjini. Sawa, vyote vimo. Ila kuna jambo la wazi ambalo wasomaji tunalipita tu: hiki ni kitabu cha watu wanaotembea. Ben na rafiki yake Ocholla ni vibarua wa ujenzi. Jioni ikifika, nauli hakuna, wanashika njia.

Nilikuwa Nairobi siku tatu hivi karibuni, nikaamua kuuzunguka mji kwa miguu, kitabu kikiwa mkobani. Siku ya kwanza nilitalii kama watalii wengine. Nilipita bustani ya Jeevanjee, nikasimama mbele ya simba wa mawe wa maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931 na ambayo kwa miaka mingi ya ukoloni haikuwa ya Mwafrika. Kisha nikaenda KICC, jengo la ghorofa 28 lililokamilika mwaka 1973, miaka mitatu tu kabla ya riwaya kutoka. Majina ya wasanifu wake yanajulikana: Karl Henrik Nøstvik na David Mutiso. Waliobeba zege je? Hapo ndipo Mwangi anapoingia. Katika riwaya, Ben na wenzake wanajenga Development House, na ghorofa likiisha kibarua nacho kimeisha. Mtalii hupanda juu kutazama mandhari. Kibarua hupandisha mzigo, akimaliza haambiwi hata karibu tena.

Siku ya pili nikashuka. Nikavuka Moi Avenue karibu na Nyaraka za Taifa, nikakata Tom Mboya Street, nikatokea River Road. Yaani si mwendo hata wa nusu saa! Ukikisoma kitabu ukiwa mbali unadhani ni miji miwili tofauti. Kumbe ni jirani kabisa. Na ardhi yenyewe inateremka kuelekea Mto Nairobi. Tumezoea kulisoma lile neno "kushuka" la kwenye jina la kitabu kama kuporomoka kwa maadili. Miguu inakwambia vingine: kwanza ni mteremko. Anayeshuka jioni, alfajiri ataupanda tena kwenda kumjengea mwingine. Ndiyo maana naona si haki kuwaita watu hawa walevi walioshindwa na maisha. Ni watu wanaorudi nyumbani, na hata nyumba yenyewe haina uhakika: kibanda cha Ocholla huko bondeni kinachomwa moto na watu wa jiji, naye anaanza upya.

Lakini kitabu kina upofu wake. Siku ya tatu nilirudi River Road asubuhi, nikawatazama wanawake: wanaofungua maduka, wanaopanga bidhaa, wanaopita haraka kwenda kazini. Nikajiuliza, katika riwaya hawa wanatembea wapi? Wini, anayeishi na Ben, ni karani mwenye kazi yake, lakini tunamwona zaidi kwa macho ya Ben. Anaondoka na bosi wake Mzungu, anamwacha mtoto, basi. Hatuambiwi aliyapima vipi maisha yale mpaka akaamua hivyo. Mwangi anayemfuata Ben hatua kwa hatua hampi Wini hata barabara moja ya kutembea peke yake. Nguvu inarudi kwa yule mtoto, Baby, kwa sababu Ben, asiyeweza kujitunza mwenyewe, anabaki kumlea mtoto asiye wake. Kwangu mimi hizo ndizo kurasa bora za kitabu.

Kwa hiyo kisomeni, na mkifika Nairobi msiishie juu ya KICC. Teremkeni mpaka Kirinyaga Road, halafu mpande tena. Nami naomba kuuliza: ni riwaya gani ya Kiswahili iliyowahi kumfuata kibarua wa Dar es Salaam kwa miguu namna hii? Niandikieni hapo chini, nitaitafuta.